Kiti, Bunduki na Muhuri

Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu. Kiti akamwachia Rashidi Kawawa, mwenyewe akashika njia ya mikoani kukijenga upya chama cha TANU, ambacho baada ya bendera kupandishwa kilikuwa kimeanza kupoa. Kwenye karatasi, mwenye madaraka makubwa nchini alikuwa Kawawa. Lakini ungepata shida kumtafuta Mtanganyika aliyeamini kwamba Kawawa sasa amempita Nyerere kwa nguvu. Desemba mwaka huohuo Nyerere akarudi, safari hii akiwa Rais wa Jamhuri.

Januari nyingine ikaja na funzo la kinyume. Alfajiri ya tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliokuwa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliwakamata maofisa wao Waingereza, wakaingia Dar es Salaam na kushika sehemu nyeti za mji. Madai yao yalikuwa mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa kizungu. Rais alifichwa, na waziri wake Oscar Kambona ndiye aliyetoka kwenda kuzungumza na waasi. Mji ulikuwa mikononi mwa wenye bunduki na hapakuwa na wa kuwazuia, ila hawakutangaza serikali yao. Hawakuwa na la kuwaambia wananchi zaidi ya hayo madai, na wananchi hawakuwa na sababu ya kuwasikiliza. Tarehe 25 makomando wa Uingereza, walioitwa na serikali kwa aibu kubwa, wakashuka Colito na uasi ukazimwa. Jeshi lote likavunjwa, na Septemba 1 mwaka huo likazaliwa jeshi jipya, JWTZ.

Wanaoandika kuhusu siasa zetu hupenda kuuliza nani anakalia kiti. Ndiyo maana magazeti hujaa majina: nani kateuliwa, nani katenguliwa, nani anatajwatajwa. Ni habari tamu, nami huzisoma kama wengine. Lakini Januari hizo mbili zinaonyesha mtu asiye na kiti akiwa na nguvu, na watu wenye bunduki wakishindwa kutawala hata kwa wiki moja. Kinachokipa kiti na bunduki uwezo wa kufanya kazi ni utii wa watu ambao hawajapigwa na yeyote, na ambao wengi wao hawajawahi kumwona mtawala ana kwa ana. Kwa hiyo mwenye kutaka kuyaelewa mamlaka aanze kwa yule anayetii: kwa nini anatii, na ni mahali gani hasa anapokutana na amri.

Swali lenyewe ni la kale. Ibn Khaldun, aliyeandika Muqaddima yake mwaka 1377 akiwa amejitenga katika ngome moja ya Algeria ya leo, alikuwa amekwisha kuwatumikia masultani kadhaa na kuonja jela. Siasa aliijua kwa kuishi ndani yake. Kwake utawala huzaliwa na asabiyya, ule mshikamano wa kundi unaomfanya mtu awe tayari kufa kwa ajili ya mwenzake. Kundi lililoshikamana huteka mji. Kizazi cha kwanza kinaikumbuka taabu, cha pili kimeisimuliwa, cha tatu kinaishi kwa raha na kukodi watu wa kukilinda. Akakadiria kuwa nasaba ya watawala hudumu vizazi vitatu vya miaka arobaini, jumla miaka 120. Hesabu hiyo si ya kushikiliwa sana, lakini hoja iliyo nyuma yake bado ina makali: mtawala anayenunua utii kwa mshahara wa walinzi amekwisha kuupoteza utii wa bure.

Karne nyingi baadaye, mwaka 1919, Max Weber aliwahutubia wanafunzi mjini Munich na kuzitaja sababu tatu za watu kutii. Wapo wanaotii kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa tangu mababu, wapo wanaotii kwa kuvutwa na karama ya mtu, na wapo wanaotii kwa kuwa kanuni imeandikwa na imefuatwa. Mgawanyo huu unafundishwa vyuoni kwetu mpaka umechujuka. Kasoro yake ni kwamba wanaoufundisha huufanya ngazi: mila chini, karama katikati, sheria juu, na jamii ikipanda ngazi huiacha ya chini. Historia ya Tanganyika haikwenda hivyo hata kidogo.

Tazama kisa cha fuvu la Chifu Mkwawa wa Wahehe. Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, na kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles iliwataka Wajerumani walikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza. Watu walioshinda vita vya dunia walitenga nafasi katika mkataba wa amani kwa ajili ya fuvu la chifu mmoja wa Iringa! Likapatikana hatimaye katika makumbusho ya Bremen, likichaguliwa miongoni mwa mafuvu mengi kwa kulinganisha vipimo, na tarehe 19 Juni 1954 Gavana Edward Twining akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, pale Kalenga. Wapo wanaoshuku hadi leo kama lilikuwa lenyewe. Kwa Twining hilo halikuwa na uzito mkubwa. Tangu enzi za Gavana Donald Cameron, Waingereza walitawala kwa kupitia machifu. Chifu ndiye aliyekusanya kodi na kuketi barazani kuamua kesi. Heshima ya mababu ilikuwa mtaji wa serikali ya kikoloni, na fuvu lilikuja kuuongeza mtaji huo.

Chini ya wiki tatu baadaye, tarehe 7 Julai 1954, TANU ikazaliwa Dar es Salaam. Katika miaka michache iliyofuata wakulima wengi wangeacha kumsikiliza chifu na kumsikiliza katibu wa tawi. Mwaka 1963 serikali huru ikaufuta uchifu kisheria. Baadhi ya machifu walipata mlango mwingine: Adam Sapi huyohuyo alikuwa tayari Spika wa Bunge, kazi aliyoifanya kwa miaka mingi. Wengine walirudi mashambani.

Hapa ndipo watu wengi hufunga sura na kusema mamlaka ya jadi yaliishia hapo. Hawalitazami tangazo jingine la mwaka huohuo wa 1963, ambapo serikali ilichapisha katika gazeti lake kanuni za sheria za mila, zikiwemo za mirathi. Kwa kanuni hizo mjane hana fungu katika mali ya mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake; fungu lake ni kutunzwa na wanawe. Chifu akatolewa barazani, ukoo ukaingizwa katika gazeti la serikali. Na sijui ni utawala gani wa karne iliyopita uliogusa maisha ya wanawake wengi wa vijijini kwa kina kama ule wa kikao cha ukoo siku ya kuanua matanga.

Kikao hicho kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa hakuna polisi pale wala karatasi ya mahakama. Wanaume wa ukoo wamekaa kwenye viti na mabenchi, wanawake wapo chini kwenye mkeka au upande wa jikoni. Mkubwa wa ukoo anasema shamba la bondeni ni la ukoo, la mlimani litalimwa na kijana mkubwa, na mama atakaa na watoto wake. Mjane anaulizwa kama ana neno. Anasema hana. Mara nyingi mama mkwe, aliyenyimwa vilevile miaka thelathini nyuma, ndiye wa kwanza kumsifu kwa adabu yake. Mwaka 1974 mwanazuoni Steven Lukes alitoa hoja kwamba mamlaka yaliyokomaa kabisa ni yale yanayomfanya mtu asiwe na lalamiko, kwa sababu hawezi hata kuwaza kwamba mambo yangeweza kuwa mengine. Lukes alikuwa akiwajibu wanasayansi wa siasa wa Marekani, ila maelezo yake yanakiingia kikao cha matanga kuliko yanavyoliingia bunge lolote.

Na mtu mmoja akikataa? Mwanamke mmoja wa Kihaya aliachiwa shamba na baba yake kwa wosia. Mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo, na jamaa yake wa kiume akafungua kesi kudai kwamba kwa mila mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Mwanza mbele ya Jaji James Mwalusanya. Mwaka 1990 jaji akaamua kwamba kanuni hiyo inapingana na haki zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kwa masharti yaleyale ya mwanamume. Hukumu hiyo inanukuliwa katika vyuo vya sheria barani kote. Lakini kanuni za mirathi za 1963 hazikufutwa nayo. Kuvunja kanuni kunahitaji jaji mmoja jasiri. Kuvunja mazoea ya kutii kunahitaji mjane mmoja katika kila kikao, na huyo anaporudi nyumbani jioni bado anaishi na hao hao ndugu.

Dola nayo, baada ya kuwaondoa machifu, ilitaka kukaa mahali pao. Mwaka 1972 ukaja mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Halmashauri za kuchaguliwa zikafutwa, na kazi zake zikaenda kwa maofisa walioteuliwa kutoka juu. Jina lilisema jambo moja na utekelezaji ukafanya jingine: kilichosogezwa mikoani kilikuwa ofisi za serikali kuu, wakati mwananchi alipoteza diwani aliyemchagua. Serikali za mitaa zilirudishwa kwa sheria za 1982, na halmashauri za wilaya zikaanza tena kazi mwaka 1984. Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuzifuta lilikuwa kosa.

Miezi michache kabla ya mpango huo, Iringa ilikuwa imeshuhudia jinsi mamlaka ya kuteuliwa yanavyoweza kukwama mbele ya jembe. Isimani, kaskazini ya mji huo, palikuwa na wakulima wakubwa wa mahindi waliokuwa na matrekta. Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Klerruu, alikuwa akisukuma kilimo cha ujamaa kwa bidii iliyowatisha wengi. Siku ya Krismasi ya 1971 alikwenda shambani kwa mkulima Saidi Mwamwindi. Wakarushiana maneno, Mwamwindi akachukua bunduki yake akampiga risasi akafa. Kisha akaupakia mwili kwenye gari la mkuu wa mkoa, akaendesha mwenyewe hadi polisi Iringa mjini na kujisalimisha. Alishtakiwa, akahukumiwa, akanyongwa.

Kwa miaka mingi kisa hiki kimesimuliwa kama ugomvi wa watu wawili, mmoja akitajwa kuwa shahidi wa ujamaa na mwingine kuwa kabaila. Mimi naona jambo jingine. Muuaji alikwenda mwenyewe polisi. Hakukimbilia msituni, hakuanzisha uasi, hakuikataa dola. Mahakama aliitambua, amri ya kuingiliwa shamba lake hakuitambua. Mtu mmoja, siku moja, aliitii serikali na kuikataa, na hiyo ndiyo hali halisi ya watawaliwa wengi kuliko tunavyokiri.

Tarehe 6 Novemba 1973 Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na Operesheni Vijiji ikafuata. Hadi mwaka 1977 serikali ilihesabu vijiji zaidi ya 7,000. Mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa malori, wengine kwa kuchomewa nyumba ili wasirudi. Kwa kipimo cha nguvu hiyo ni kazi kubwa ambayo hakuna mkoloni aliyeiweza. Ila mwaka 1974 na 1975 nchi ilikuwa ikiagiza nafaka kutoka nje kwa wingi. Ukame ulichangia, lakini si peke yake. Dola iliweza kumtoa mtu kwenye nyumba yake; haikuweza kumfanya apalilie shamba la ujamaa kama alivyopalilia la kwake. Goran Hyden, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha mwaka 1980 kitabu ambacho hoja yake kuu ni kwamba mkulima wa Tanzania alikuwa bado hajatekwa na yeyote, si dola wala soko. Alikuwa na jembe na chakula chake, na mwenye chakula chake huweza kuitikia ndiyo halafu asifanye.

Leo mkulima huyo hayuko huru namna ile. Anahitaji barua. Anahitaji barua ya utambulisho ili apate kitambulisho cha taifa, afungue akaunti benki, amdhamini ndugu yake, amwombee mtoto mkopo wa chuo. Barua hiyo hutoka ofisi ya kijiji au ya mtaa, nayo haina maana bila muhuri. Anayeutafuta ataambiwa mwenyekiti kasafiri, mtendaji yuko kwenye kikao wilayani, muhuri umefungiwa kabatini, njoo kesho. Kesho akifika ataulizwa kama amelipa mchango wa madarasa. Huenda mchango ni halali na huenda si halali. Kwenye foleni ile hilo haliulizwi. Rais anaweza kubadilika, hata chama kinaweza kubadilika, na mwananchi huyo asione tofauti yoyote mpaka aliyeshika muhuri abadilike.

Na angalia huyo mtendaji anawajibika kwa nani. Mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa na wanakijiji. Afisa mtendaji huajiriwa na halmashauri ya wilaya, analipwa na halmashauri, anahamishwa na halmashauri. Juu ya wote yuko mkuu wa wilaya aliyeteuliwa na Rais, ambaye Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inamruhusu kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48 kama anaona amani itavunjika. Sheria imeweka masharti, na sababu zinatakiwa ziandikwe. Hata hivyo tumeshawasikia watumishi na wananchi wakiwekwa ndani kwa kuchelewa kikao au kwa kujibu vibaya. Katiba ya 1977, ibara ya 8, inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Mwalimu aliyelala rumande kwa kuchelewa kikao angependa kujua msingi huo ulikuwa wapi usiku ule.

Sheria za vijiji, kwa haki, si mbaya. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe wasiozidi 25, na robo yao angalau ni wanawake. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, wanawake wasipungue watatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, yaani watu wazima wote wa kijiji. Ni nchi chache zinazompa mkulima wa kawaida kura ya namna hiyo juu ya ardhi.

Sasa nenda kwenye mkutano wenyewe. Umeitishwa saa nne, unaanza saa saba, baada ya diwani kufika. Meza kuu ina kitambaa na maji ya chupa. Ajenda zinasomwa: kufungua mkutano, kusoma muhtasari uliopita, yatokanayo, taarifa ya mapato na matumizi, ujenzi wa madarasa, mengineyo, kufunga. Kila mtu pale chini ya mwembe anajua kwamba kuna mwekezaji anayetaka ekari mia mbili kando ya mto. Jambo hilo halimo. Litakuja kwenye mengineyo, saa kumi na moja, wanawake wameshaondoka kwenda kupika na wazee wamechoka. Mwenyekiti atasema kwa upole kwamba muda umetutupa mkono, wanaounga mkono wanyooshe mikono. Siku tatu baadaye muhtasari utaonyesha kwamba mkutano mkuu uliridhia. Mwaka 1962 Wamarekani wawili, Peter Bachrach na Morton Baratz, walisema kwamba nusu ya mamlaka hukaa kwa yule anayeamua ni mambo gani yasifikishwe mezani. Mtendaji wetu hajawasoma, naye angeweza kuwafundisha.

Majirani zetu Kenya wametupa mfano mkubwa zaidi wa utii kuondolewa. Katiba yao ya 2010 inaanza kwa kusema mamlaka yote ni ya wananchi, na imeunda kaunti 47 zenye magavana wa kuchaguliwa. Pembeni ya gavana, machifu walioachwa na mkoloni bado wapo chini ya serikali kuu. Kisha Juni 2024 ukaja Muswada wa Fedha na kodi zake. Vijana wakajaa barabarani bila chama wala kiongozi wa kuitwa Ikulu akapozwe. Tarehe 25 Juni wabunge waliupitisha, waandamanaji wakaingia Bungeni, na watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza hatausaini. Serikali ilikuwa na wabunge wa kutosha, ilikuwa na polisi, ilikuwa na sheria, na muswada ukafa.

Wengi waliliona hilo kuwa ushindi kamili. Lakini Desemba ya mwaka huohuo baadhi ya kodi zilirudi katika sheria nyingine za fedha, zikasainiwa, na barabara zilikuwa kimya. Umati una nguvu kubwa ya kuzuia na nguvu ndogo sana ya kuandika. Wizara ya fedha ina makatibu wanaorudi ofisini kila asubuhi, mwaka mzima. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaodhani kwamba maandamano yanaweza kuwa badala ya baraza, mkutano wa kijiji au chama. Yanafungua mlango tu. Anayeingia ni yule aliyekuja na rasimu mkononi.

Kwa hiyo, msomaji, kama unataka kujua mamlaka katika eneo lako yamekaa kwa nani, acha kwa muda mjadala wa nani atagombea mwaka gani. Nenda ofisi ya kijiji au mtaa ukaombe muhtasari wa mkutano mkuu wa mwisho, na uangalie ardhi na fedha viliridhiwa na watu wangapi. Ni haki yako kuuliza. Na mkutano ujao ukiitishwa, peleka jambo lako mapema kwa maandishi, lipewe namba yake katika ajenda, lisiachwe kwenye mengineyo. Sheria inataka mkutano huo ufanyike kila baada ya miezi mitatu.